Tunataka kununua shamba kando ya Mto Kilombero tuwaachie ndege. Mnaojua mambo ya ardhi njooni kabla hatujatoa hela

MnanaWaKivukoni

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Mimi naongoza wageni wa kuangalia ndege hapa Ifakara. Tuko watano, tumechangishana miaka mitatu, hela za bahashishi na posho, na kuna wageni wawili watatu walioahidi kutuongezea. Nia yetu ni kununua shamba moja kando ya mto, karibu na Daraja la Magufuli, upande wa kwenda Mahenge. Tusilime, matete yarudi, ndege wakae.

Kwa asiyemjua, mnana wa Kilombero ni ndege mdogo wa njano, dume lina uso mweusi. Wataalamu walimpa jina la kisayansi mwaka 1990, na hayupo popote duniani isipokuwa bonde hili letu. Ana wenzake wawili, vijidege vya majani vya jamii ya sistikola. Hao walishaonekana zamani lakini majina rasmi wamepata 2021 tu. Enzi za pantoni mgeni alikuwa anamwona mnana akiwa bado amekaa kwenye foleni ya kuvuka, anakunywa soda. Sasa hivi unapita darajani dakika moja, umeshafika ng'ambo na hujaona kitu.

Mtaniambia bonde lote ni eneo la Ramsar, yaani ardhioevu inayotambuliwa kimataifa. Ni kweli, tangu 2002, karibu hekta laki nane. Lakini nendeni mkaone kama Ramsar inamzuia mtu kufyeka matete apande mpunga.

Shamba lenyewe: mwenyewe anasema ni ekari 12. Sehemu ya juu analima mpunga wa saro, sehemu ya chini kabisa maji yanatuama hivyo kaiacha na matete. Viota tumeviona kwa macho yetu, vya zamani na vibichi. Anataka milioni moja na laki mbili kwa ekari. Ana karatasi ya mauziano aliyopewa na aliyemuuzia, yenye mhuri wa mwenyekiti wa kitongoji.

Naombeni ushauri. Bei ni sawa? Karatasi inatosha? Na la tatu ndilo linaninyima usingizi: tukinunua, ndege watabaki kweli?

Kalamata

Mkuu sisi huku tunalipa watoto watuamie ndege wasile mpunga, wewe unataka kuwanunulia ndege shamba. Haya 😂

MtotoWaMbuga

Milioni na laki mbili ni bei ya mjini hiyo. Kaona mna wazungu nyuma yenu. Mwambie laki sita umsikilize.

MpimaMstaafu

Kijana, nimefanya kazi idara ya ardhi miaka mingi, kwenye wilaya ambayo sitaitaja. Nitajibu la karatasi kwanza, la bei litajileta lenyewe.

Hiyo karatasi ya kitongoji ni ushahidi kwamba hela ilipita mkononi. Si zaidi ya hapo. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini. Mnachouziana ni haki ya kutumia pamoja na maendelezo yaliyopo juu yake. Na kama hapo ni ardhi ya kijiji, mwenye sauti ni Halmashauri ya Kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, na juu yake kuna Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwenyekiti wa kitongoji ni shahidi tu, hagawi ardhi. Mna nia ya kununua? Nendeni ofisi ya kijiji, mwombeni mtendaji awaonyeshe muhtasari wa kikao kilichompa huyo bwana, au aliyemtangulia, eneo hilo. Asipokuwa nao, mjue mnanunua maneno.

Pili, ulizeni kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi, na hilo eneo limepakwa rangi gani kwenye ramani. Nimeshaona watu wananunua "shamba" ambalo kwenye ramani ni malisho. Na kwa bonde lenu kuna la ziada: kipande kikubwa cha mbuga ile kimekuwa pori tengefu tangu zamani na sasa kuna pori la akiba. Hakikisheni na wanaohusika kwamba mpaka haukati hapo mnaponunua, msitegemee mkono wa muuzaji anaponyoosha kidole kule kwenye mikuyu.

Tatu, na hapa ndipo bei inapoanguka. Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57. Ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto hairuhusiwi shughuli ya kudumu ya binadamu, wala shughuli inayoweza kuharibu ukingo. Kwa hiyo nendeni na kamba. Pimeni mita 60 kutoka ukingoni, mwone zimebaki ekari ngapi ambazo huyo bwana anaweza kuwauzia akitazamana na mtu usoni.

Nne, saini ya mke. Wake, kama ni wengi.

MnanaWaKivukoni

Shikamoo mzee. Hili la mita 60 nililisikia kwenye mikutano lakini sikuwahi kulifikiria kwa kamba. Jumamosi tunaenda kupima.

Kalamata

Mzee umemaliza. Muuzaji akiona kamba atahama kijiji.

MbongoNorwich

Wadau niko Uingereza, mashariki huku, kwenye mashamba ya mboga. Kuna sehemu inaitwa Lakenheath, kandokando ya mto Little Ouse, nimeenda mara mbili kutembea. Ilikuwa mashamba ya karoti. Mwaka 1995 shirika lao la ndege, RSPB, likayanunua, likachimba mifereji, likaweka milango ya maji, likapanda matete, mengine kwa mikono, mche mmoja mmoja kama mnavyopandikiza mpunga. Leo ukifika huamini kama pale palikuwa na karoti. Mwaka 2007 korongo wakubwa wa kule wakataga hapo, ndege waliokuwa wamepotea kwenye mabonde yale kwa miaka kama 400.

Ninachotaka kusema: pale inawezekana. Msikatishwe tamaa na wapiga vijembe.

MajiYaBonde

Mbongo, mfano wako mzuri, ila angalia walichonunua ni nini hasa. Walinunua uwezo wa kufungua na kufunga maji. Shamba limezungukwa na mifereji na milango, funguo wanazo wao. Hawa ndugu zetu wa Ifakara wakinunua ekari 12 funguo hawapewi. Maji ya Kilombero yanatoka kwa watu wengine: Mnyera, Ruhudji, Mpanga, na mito yote inayoshuka Udzungwa. Mto huu mmoja unaipa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, yale yanayokwenda bwawa la Nyerere. Kwa hiyo wenye macho na maji haya ni wengi kuliko wenye macho na ndege.

Mkumbuke chura wa Kihansi. Kihansi ni mto unaoingia Kilombero hiyohiyo. Kale kachura kalikuwa kanaishi kwenye manyunyu ya maporomoko, eneo dogo kuliko viwanja vichache vya mpira. Hakuna aliyemnyang'anya shamba. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000, manyunyu yakaisha. Wakaweka mabomba ya kunyunyizia, lakini 2009 akatangazwa kutoweka porini, akabaki kwenye bustani za wanyama Marekani, Bronx na Toledo, mpaka wakaanza kumrudisha 2012. Korongo lilikuwepo, miamba ilikuwepo, manyunyu hayakuwepo.

Jumamosi mkienda na kamba, angalieni na haya. Maji yanaingia shambani kutokea mtoni, au kutokea juu kwa mvua na vijito? Kuna tuta? Kuna mfereji wa jirani? Matete yana alama ya maji ya mwaka jana kwenye shina, tope lile limekauka kama rangi, limefika urefu gani? Hizo alama hazidanganyi, muuzaji anaweza. Na mkitaka jibu la uhakika rudini masika muone wenyewe. Shamba la mtoni likikaguliwa kiangazi ni kama kuchumbia kwa picha.

MtotoWaMbuga

Kuchumbia kwa picha 😂😂 nimeikubali

MnanaWaKivukoni

Wakuu nimerudi. Nina tope mpaka masikioni.

Tulifika saa moja asubuhi, watu wanne na muuzaji. Tukamwambia atupitishe kwenye mipaka yote, tukawasha GPS tukaufuata mguu wake. Kona ya kwanza, sawa, kuna mwembe. Kona ya pili akasimama ukingoni akanyoosha mkono kwenye maji. "Mpaka ni ule mkuyu." Mkuyu gani? Hakuna mkuyu. Akasema ulikuwa pale, ulianguka mwaka juzi pamoja na ardhi yake. Yaani kona ya shamba anayotuuzia iko katikati ya mto, juu yake anapita mvuvi na mtumbwi.

Tulipofunga mzunguko GPS ikasoma ekari 10 na pointi tatu. Mbili kasoro zimeshaliwa na mto na bado zimo kwenye bei.

Kisha kamba. Upande wa mto una urefu wa mita kama 300. Tukaingia mita 60, tukaweka vigingi. Mita 300 mara 60 ni mita za mraba 18,000, ambazo ni ekari nne na nusu kasoro kidogo. Kwa hiyo anachoweza kutuuzia kihalali ni ekari sita kasoro, zote mpunga.

Sasa kaeni vizuri. Tukahesabu viota. Tulikuwa tumegawana mistari, kila mtu na daftari lake, tunapita kwenye matete yanayotuzidi kimo. Kiota cha mnana kimefungwa kwenye mabua mawili au matatu, kimening'inia juu ya maji, ukikishika chepesi kama mkono mtupu. Tulipokutana kulinganisha madaftari, viota vyote, kila kimoja, viko ndani ya vigingi. Upande wa pili wa kamba hakuna hata kimoja.

Nilikaa chini nikacheka. Ndege anaishi kwenye ile sehemu ambayo sheria ilishamwachia. Tulikuwa tumekuja kulipa milioni kumi na nne na laki nne kununua mpunga.

Maji: alama ya tope kwenye matete inanifika kiunoni. Yanaingia kutokea mtoni, hilo nimeliona kwa mchanga ulioachwa. Lakini jirani wa juu amechimba mfereji mpya unaopita kwenye kona yetu kwenda mtoni, anakausha kidimbwi chake alime bustani. Hapo mfereji unapopita matete yamekuwa mafupi na manjano.

MpimaMstaafu

Nilijua. Sikutaka kusema kabla hamjapima wenyewe. Na jingine: kwa tafsiri tuliyokuwa tunaitumia kazini, mita 60 zinapimwa kutoka ukingo ulipo, si ukingo uliokuwepo babu akiwa hai. Mto ukisogea, mita zinasogea nao. Kwa hiyo hizo ekari sita zenu za mpunga, kama mto unakula upande huo, zinageuka za mto taratibu na hakuna atakayewarudishia hela.

WaNyandarua

Hamjambo ndugu wa Tanzania. Mimi ni wa Kinangop, Kenya. Nitoe kisa chetu kwa ufupi kwa maana sisi ardhi tunauziana kwa hati, hilo ni tofauti na kwenu.

Kuna ndege wa nyasi hapa nyanda za juu, wa njano chini na mistari kifuani, kwa Kiingereza wanamwita Sharpe's longclaw. Yuko Kenya pekee. Mashamba yakigeuzwa viazi na ngano anakosa pa kukaa, maana hapatani na shamba lililolimwa. Shirika la Nature Kenya lilinunua vipande vya ardhi hapa likavifanya hifadhi. Wazee walishangaa sana, kama huyo ndugu Kalamata.

Ile kitu wengi hawakutarajia ni kwamba ukinunua ukafunga lango ukaenda nyumbani, umemfukuza huyo ndege. Anataka nyasi fupi zenye vichaka vidogo vya majani magumu. Zikirefuka anaondoka. Lazima kondoo na ng'ombe waingie kwa kipimo. Kwa hivyo jirani mfugaji si adui, ni mfanyakazi wa hifadhi asiyelipwa.

Ninyi ndege wenu anataka marefu, sawa. Lakini ulizeni, hayo matete yamekuwa hapo kwa sababu hakuna mtu, au kwa sababu ya vile watu wanavyoyatumia?

MfugajiMalinyi

Mwenzetu wa Kenya kasema la maana. Mimi nina ng'ombe. Nisikie mnazungumza mambo ya vigingi na kamba kando ya mto, swali langu ni moja tu: ng'ombe watanywa wapi? Nimeona hapa bondeni operesheni za kuondoa mifugo, nimeona watu wakiuza ng'ombe kwa bei ya mbuzi. Kila anayekuja na neno hifadhi sisi tunaanza kuhesabu njia zilizobaki.

Na niwape siri. Ng'ombe mwenye akili haingii kwenye matete mazito yenye maji, ananasa. Anayeyamaliza matete ni moto. Mwezi wa nane wa tisa mtu anachoma ili majani machanga yachipue, hapo ng'ombe ndiyo wanaingia. Mkielewana na sisi kuhusu moto, na mkatuachia sehemu moja ya kunywea, hamna haja ya ukuta.

MnanaWaKivukoni

Mfugaji nashukuru umesema bila kuzunguka. Mpango wa kwanza ulikuwa na seng'enge, sitaki kuficha. Ilikuwa ile pesa ya mgeni mmoja, yeye alitaka seng'enge na bango.

Kalamata

Bango lenye picha yake bila shaka.

MtotoWaMbuga

Swali la kijinga. Kwa nini huyo mgeni asinunue yeye mwenyewe, ninyi mkawa wasimamizi?

MpimaMstaafu

Mgeni asiye raia hamilikishwi ardhi Tanzania isipokuwa kwa njia ya uwekezaji, na hiyo ina taratibu zake. Akiwaambia "andikeni jina lenu, hela yangu", siku mkigombana mtajua nani mwenye shamba.

Nirudi kwenye jambo ambalo hamjaliuliza na ndilo lingewatoa roho baadaye. Sheria hiyohiyo ya vijiji, kifungu cha 45, inazungumzia ardhi iliyotelekezwa. Eneo lisipotumika kwa muda usiopungua miaka mitano, kijiji kinaweza kulihesabu kuwa limetelekezwa, kikaanza utaratibu wa kulirudisha. Sasa ninyi mnataka kununua shamba la mpunga mkaliache liwe pori. Mwaka wa sita anakuja mwenyekiti mpya, ana vijana hawana mashamba, anaangalia ekari sita zimeota matete. Atasema nini? Na atakuwa na haki ya kuuliza.

Ndege kukaa ni matumizi, ila lazima yaandikwe kuwa matumizi. Kwenye maombi, kwenye muhtasari, kwenye mpango wa ardhi wa kijiji. Isipoandikwa, machoni pa serikali ya kijiji ninyi ni wavivu.

MajiYaBonde

Hii ya kifungu 45 sikuijua. Mzee uendelee kuishi.

Ule mfereji wa jirani msiuache. Nendeni kwa heshima kwanza, mtu anaweza kuwa hajui. Asiposikia, Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ndiyo yenye mamlaka, matumizi ya maji na utiririshaji vina vibali.

DadaWaDungu

Samahani nachelewa kuchangia. Mimi nimezaliwa Kivukoni, nimeamia ndege utoto wangu wote mpaka naingia darasa la sita, na ndiyo sababu darasa la tano nilirudia. Alfajiri unapanda dungu, lile jukwaa la kuamia shambani, na debe na kombeo, unashuka jua likizama. Mwalimu anauliza, mama anajibu ndege.

Kwa hiyo nikisoma mtu anataka kununulia ndege shamba, damu yangu inachemka kidogo, lakini acha niseme ninachokijua. Sisi tulikuwa tunawajua. Kwelea kwelea wakija unasikia kabla ya kuona, kama upepo, na wakitua kwenye mpunga wa maziwa umekwisha. Hao ndio serikali inawaletea ndege ya kupulizia sumu. Huyu wa njano mwenye uso mweusi hakuwa anakuja hivyo. Watatu, wanne, wanashika punje na wanarudi matetini. Bibi yangu alikuwa ananiambia "wale waache, wenyeji hao".

Sasa kaka yangu MnanaWaKivukoni, je, mmemuuliza mtu yeyote aliyekaa kwenye dungu la shamba hilo? Mmeongea na muuzaji, mwenyekiti, na GPS. Anayejua ni ndege gani wanakuja, mwezi gani, na wanatoka upande gani ni huyo mama au mtoto aliye juu. Na sumu ya kwelea ikipulizwa karibu na matete yenu, nani atawaambia kwamba ilipulizwa? Ni yeye.

MnanaWaKivukoni

Dada umenipiga palepale. Hatukumuuliza. Alikuwepo mama mmoja kwenye dungu la shamba la pili, tulimpungia mkono tukapita.

Kesho nakwenda.

Kalamata

Dada na mimi nafuta utani wangu wa watoto.

MnanaWaKivukoni

Nimekwenda. Mama ni mtu mzima, mwenyeji wa pale. Nilimkuta anavuta kamba ndefu zenye makopo, kamba zinakwenda pande tatu za shamba, akivuta hii makopo yanalia kule. Nikamuomba nipande dungu, akasema zimebaki ngazi tatu nzima, chagua. Nikapanda.

Kutoka juu mtu unaona kitu ambacho chini hukioni. Matete si eneo moja. Ni mkanda, mwembamba, unafuata mto, halafu unakatika kwenye shamba la jirani aliyelima mpaka ukingoni, halafu unaendelea. Shamba letu ni kipande kama cha tatu cha huo mkanda. Nikamuuliza minana wanakwenda wapi mto ukifurika sana. Akaonyesha kwa kidevu, juu ya mto, kule mkanda ulipokatika. "Walikuwa wanakwenda kule. Tangu palimwe wanajazana hapa."

Yaani tungenunua chumba kimoja cha nyumba yenye vyumba kumi, mlango wa kwenda chumba cha pili umezibwa, tukajisifu tumeokoa ndege.

Nikamuuliza na la sumu. Akasema ndege ya kupulizia ilipita msimu mmoja uliopita upande wa juu, na siku ya pili yake aliokota yangeyange wawili na tipitipi mmoja, wamekufa, kwenye tuta. Aliwatupa. Hakuna aliyemuuliza mpaka jana.

Tumekaa usiku sisi watano tukabishana mpaka saa sita. Mmoja wetu bado anataka tununue zote, anasema karatasi ni karatasi, maneno ya kijiji hubadilika na uchaguzi. Simlaumu, hela yake ni nyingi kuliko yangu. Lakini wanne tumekubaliana hivi. Ekari za mpunga hatununui. Tunaomba kijiji, kwa maandishi, ule mkanda wa mita 60 uingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi na sheria ndogo ya kijiji: kutochoma, kutolima mpaka ukingoni, kukata matete kwa zamu, na sehemu mbili za mifugo kunywa. Si mbele ya shamba moja tu, ni mbele ya mashamba yote kutoka darajani kwenda juu mpaka palipokatika. Huyo jirani aliyelima mpaka mwisho, tutafidia msimu mmoja wa mpunga kwenye kile kipande chake akiache. Hapo ndipo pesa yetu itafanya kazi. Na tutanunua robo ekari tu nyuma ya kamba, kwa ajili ya njia na dungu la wageni, iandikwe matumizi yake ni kuangalia ndege.

Mgeni wa seng'enge tumemwandikia. Hajajibu.

MpimaMstaafu

Sheria ndogo ipite Mkutano Mkuu wa Kijiji, iende halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Msikubali iishie kwenye daftari la mtendaji. Na hiyo fidia ya jirani, mwandikishane mbele ya Halmashauri ya Kijiji, si kwenye kibanda cha chai.

MfugajiMalinyi

Sehemu mbili za kunywea zinatosha. Ila msiziweke pale penye kingo kali, ng'ombe wanabomoa ukingo na keremkerem wanachimba viota vyao humo. Waulizeni vijana wetu, wanajua paliposhuka vizuri.

DadaWaDungu

Na mama wa dungu?

MnanaWaKivukoni

Tumemwomba awe anatuandikia. Akacheka, akasema hajui kuandika lakini mjukuu wake anajua, na mjukuu ana shule. Tumepatana tutalipa mtu mzima akae juu ya dungu siku za wiki msimu wa mpunga, mjukuu aende darasani, Jumamosi wanaandika pamoja: ndege gani, wangapi, moto wapi, sumu lini. Daftari la kwanza nimeshalipeleka.

MtotoWaMbuga

Mkuu tupe mrejesho, muuzaji kasemaje?

MnanaWaKivukoni

Mrejesho. Muuzaji alikasirika wiki mbili hatusalimiani, kisha akaja mwenyewe na bei ya robo ekari, tumeelewana. Mwenyekiti ameingiza hoja yetu kwenye ajenda ya mkutano wa kijiji, namba saba, baada ya choo cha zahanati. Jirani wa mfereji ameuziba kwa magunia ya mchanga bila kulazimishwa. Alisema hakujua unakausha na upande wetu.

Leo asubuhi nimepita kuangalia vigingi. Mvua zimeanza, vigingi vya chini vyote viko majini. Tulipopima mara ya kwanza kulikuwa na mpera mmoja pale juu ya ukingo, tuliutumia kama alama. Kutoka kwenye shina lake mpaka ukingoni zilikuwa hatua kumi na sita. Leo nimehesabu mara mbili. Ni kumi na moja.